Hodi ya Nne

Nilimsikia mama mkwe wangu akicheka, kisha nikamsikia akinyamaza. Huko kunyamaza ndiko kulikonikata maini.

Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wake, barakoa ya hewa usoni, mgongo nimeupa Kaa, na king'ora kinalia ndani ya kofia yangu. Kaa ndiyo nyota yetu. Waliotangulia kufika huku waliiita hivyo kwa sababu imeganda pale pale ukingoni mwa mbingu, nyekundu, haichomozi wala haizami, kama kaa lililosahauliwa jikoni. Na sayari wakaiita Figa, jiwe lililosogezwa karibu mno na moto. Upande mmoja wa Figa unaungua siku zote, huko tunakuita Mchanani. Upande wa pili ni barafu tupu, ndiko Usikuni. Sisi tumejibana katikati, penye mwanga wa rangi ya kutu, tunalima kwa kutumia vioo. Kazi yangu ilikuwa kuvielekeza hivyo vioo.

Kaa ikitulia, tunaishi. Ikichafuka hurusha cheche. Kwanza huja mwanga mkali, na huo hewa yetu nyembamba huuchuja kiasi chake. Kisha, baada ya muda wa kuchemsha birika la chai, hufuata mvua. Tunaiita mvua, lakini hailoweshi mtu. Ni chembe zisizoonekana zinazopita kwenye nguo, zikapita kwenye ngozi, zikaenda kuvuruga damu. Haizuiliki ila kwa mwamba mnene, ndiyo maana nyumba zetu zote zimechimbwa kwenye jabali. Na ndiyo maana mke wangu, Raya, akatengeneza milango yake.

Kabla ya Raya watu walikuwa wakifa nje ya milango iliyofungwa, wenyewe wamelala, au wanabishana nani ainuke akafungue. Raya akaupa mlango sikio na kinywa. Sikio linajua neno moja tu. Mtu yeyote akisema "hodi", kinywa kinaitika "karibu" na mlango unafunguka wenyewe. Hauulizi wewe nani, umekuja kufanya nini, wala jana ulimsema nani. Baraza likafurahi, likauweka kila nyumba, likang'oa makomeo yote.

Basi Figa ikajaa wadoezi. Nasema kweli, nami simo kwenye kuwatetea. Mlango uliowekwa kwa ajili ya cheche ukawa mlango wa harufu ya kitunguu. Mtu anapita zake, anasikia kijiko, anasema hodi, na kabla hujaficha sufuria mlango wako umeshamkaribisha. Utamwambia nini? Utasogea, umpe kijiko, utabasamu. Ikaanza minong'ono kwamba wako wanaoziba masikio ya milango yao wakati wa kula. Raya hakuamini. "Nani atafanya hivyo," alikuwa akisema, "na cheche haina miadi?" Adhabu ya kuziba sikio ni kupelekwa Usikuni kuchimba barafu, na Usikuni watu hurudi wamepungua vidole.

Mimi kwa Bi Mize, mama yake Raya, nilikuwa sitii mguu wakati wa chakula. Katika arusi ya mpwa wake niliongeza sahani ya pili, mara moja tu, akaniona. Akasema mbele ya wanawake wote, "Mkwe wangu huyu, pua yake ingekuwa kioo tungelima mpaka Usikuni." Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Nikacheka nami, mtu afanyeje? Lakini sahani ile haikushuka, na toka siku hiyo nikaapa kwamba mama mkwe hatoniona tena mdomo ukitafuna.

Na sasa cheche imenikuta bondeni, na nyumba iliyo karibu ni yake.

"Hodi," nikasema.

Mlango haukuitika. Kwenye kinywa chake nikasikia kijiko kikigonga sahani, na kile kicheko cha Bi Mize kinachoanzia kifuani, na shoga yake mmoja akisifu mnofu wa kuku, sijui ukoko wa pilau, kitu kama hicho. Nikaelewa. Sikio wameliziba, kinywa wamekisahau.

"Hodi," nikasema tena, kwa sauti zaidi.

Ndipo akanyamaza. Wakanyamaza wote wawili. Kisha yule shoga akanong'ona, "Kanusa huyo." Mtu akabana kicheko puani, sikujua ni nani kati yao, na mpaka leo sitaki kujua.

Nilidhani wanakisikia king'ora kama ninavyokisikia mimi. Sikuwaza kwamba king'ora cha nyumbani hupita kwenye kisanduku kile kile cha sikio, nacho kimefungwa tambara. Nilichowaza ni kwamba mama mkwe wangu anajua cheche imetoka, na bado ameona heri nibaki nje kuliko nimkute na mnofu. Uso ukanipata moto ndani ya barakoa. Ningeweza kupiga kelele kwamba nakufa. Ningeweza kuokota jiwe. Maneno yalikuja yakafika kwenye meno, yakakaa. Nilijiona nimeingia, nimesimama katikati ya chumba na suti yangu ya vumbi, wao wamezishika sahani zao, na mimi nasema eti nimekuja kwa sababu ya cheche.

Hodi ya tatu niliisema kwa chini, kama mtu anayeomba isisikike.

Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unageuka unakwenda zako, bila kinyongo. Tumefunzwa hivyo kabla ya kufunzwa kusoma, na bibi zetu walibeba adabu hiyo kutoka Duniani pamoja na mbegu za mpunga. Ya nne ni ya mtu asiyefunzwa kwao.

Nikageuka. Nyumba ya pampu haikuwa mbali, nikajipa moyo kwamba nitawahi. Sikuwahi. Mvua ile haina sauti. Niliona vimulimuli ndani ya macho niliyoyafumba, nikapata ladha ya chuma ulimini, nikakinga uso kwa mikono yangu miwili kama mtoto anayekwepa kofi.

*

Nilizinduka zahanati, mikono imefungwa bandeji mpaka viwikoni, Raya ameketi pembeni ananinywesha maji kwa kijiko. Daktari alikuwa ameshamwambia. Damu ingerudi polepole, kwa dawa na subira. Vidole visingerudi kushika kioo.

"Mlango wangu umekuchoma," Raya akasema.

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Ulipiga hodi?"

"Nilipiga."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akakiweka kijiko chini. Raya si mtu wa kulia, akikasirika husafisha kitu, na pale hakukuwa na cha kusafisha. "Na ya nne je, Vuai? Kwa nini hukupiga ya nne? Kwa nini hukuugonga kwa jiwe, ukaupiga teke, ukanitukania mama yangu humo ndani mpaka akaamka?"

"Alikuwa amelala?"

"Ndivyo anavyosema. Alikuwa amelala, hakusikia hodi wala king'ora. Analia tangu juzi, hali."

Hali. Nikatazama dari.

"Hodi ni tatu," nikamwambia.

Akanitazama kana kwamba nimemwambia jambo la kijinga, na lilikuwa la kijinga kweli.

Alikuwa amelifungua sikio la mlango wa mama yake, kipande kwa kipande, juu ya kitanda chetu. Hakuona ubovu. Kila alipoliambia hodi, liliitika. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, kwa sababu kitu kibovu kinatengenezeka, lakini kitu kizima kilichokataa kufanya kazi siku moja tu, hicho utakifanya nini? Kitu pekee alichokiona ni mafuta. "Utando wake una mafuta mafuta," akasema. "Mvuke wa jikoni, nadhani. Nilipaswa kuukinga. Kosa langu, Vuai. Sikufikiria watu wanapika."

Nilikuwa nayajua hayo mafuta. Yalitoka kwenye tambara la kuepulia sufuria. Neno moja lingetosha kumwondolea mke wangu mzigo ule. Lakini neno hilo hilo lingemwambia kwamba mama yake mzazi alimzibia mumewe mlango kwa ajili ya pilau, na mumewe akaona haya kusema anakufa. Nilijaribu kulipanga kichwani namna ambayo lisingenuka. Halikupangika.

Nikanyamaza. Sasa tulikuwa watatu tunaonyamaza, Bi Mize, shoga yake na mimi, na aliyekuwa akisema peke yake ni yule asiye na kosa.

*

Katibu Nyange wa Baraza alikuja na kiti chake mwenyewe, cha kukunja. Ni mtu mpole, mwenye kuuliza swali kisha akatazama viatu vyake mpaka ujibu.

"Pole sana, bwana Vuai. Nisaidie tu. Ulipiga hodi?"

"Nilipiga."

"Kwa sauti ya kusikika?"

"Mbili za kusikika. Ya tatu kidogo."

"Na mlango?"

"Haukuitika."

"Kuna chochote ulichokisikia ndani?"

Raya alikuwa amesimama nyuma yake. Nikasema, "Nilikuwa na king'ora masikioni, Katibu."

Si uongo. King'ora kilikuwepo. Lakini Nyange akavitazama viatu vyake kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Basi," akasema, "ndugu yangu Raya, nawe unisikie, maana sitaki uyapate njiani. Watu wameingiwa na hofu. Kama mlango mmoja umekataa, mwingine utakataa lini? Baraza linataka kuyang'oa masikio yote na kurudisha makomeo. Hapa zahanati wameshaanza. Mkutano ni keshokutwa, nawe utaulizwa kama una la kujitetea."

"Sina," Raya akasema.

"Makomeo yaliua watu," nikasema mimi.

"Najua. Kaka yangu alikuwa mmoja wao." Nyange akakunja kiti. "Lakini komeo likikataa, unamjua aliyekataa."

Alipotoka, Raya akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Siku hiyo hiyo baadaye Raya akaja na bakuli lenye kifuniko. "Mama kakuletea," akasema. "Kaniachia mlangoni, kakataa kuingia. Anasema anaona haya kukutazama kwa sababu alilala. Mimi namwambia mama, usingizi si dhambi."

Akafunua. Ilikuwa pilau. Kiporo, kimepashwa moto, punje zimekauka pembeni, na juu yake paja la kuku zima. Mpunga wa Figa hugawiwa konzi kwa konzi. Pilau ya namna ile ni akiba ya muda mrefu, ya mtu aliyejinyima, na nyama ile sijui aliipata kwa nani. Iliyobaki yote alikuwa ameniletea mimi.

"Ametoa wapi huyu mama?" Raya akashangaa. "Fungua kinywa."

Nikafungua. Mikono sina, ningefanya nini? Mke wangu akanilisha, tonge kwa tonge, ile pilau iliyonifungia nje, na kibaya zaidi ni kwamba ilikuwa tamu. Karafuu zilikuwa zimekolea. Nilitafuna huku nimefumba macho, nikamsikia Raya akisema, kwa mara ya kwanza toka nizinduke, kwa sauti iliyokaribia kuwa na furaha, "Angalau unakula."

Nikala yote. Mdoezi hakukosewa kuitwa mdoezi.

*

Siku ya mkutano Raya alikuja kuniaga. Alikuwa amevaa buibui lake la heshima, na mkononi ana mfuko wenye zana zake, zile bisibisi ndogo ambazo hata mimi hakuniruhusu kuzigusa. Alitaka kuzikabidhi kabla hawajamwomba.

"Raya," nikasema, "usiende bado."

"Wananingoja."

"Kaa kidogo. Nina neno."

Akaketi. Nikatafuta pa kuanzia. Nikasema, "Wewe unamjua mama yako," kisha nikaona hapo si pa kuanzia. Nikasema, "Yale mafuta uliyoyaona," na hapo ndipo mtu alipobisha.

"Hodi."

Mlango wa chumba kile ulikuwa umeshang'olewa sikio. Palikuwa na tundu ukutani, nyaya zimefungwa gundi, na komeo jipya la chuma kwa ndani. Kwa hiyo haukuitika. Ilikuwa zamu ya watu kuitika.

Raya akafumbua mdomo. Nikaweka mkono wangu wenye bandeji juu ya goti lake, nikatikisa kichwa. Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Nilitaka aliye nje naye asimame akisikia kwamba watu wamo.

Raya akanikazia macho. Akanong'ona, "Ni mama."

"Najua."

"Hodi," Bi Mize akasema mara ya pili. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya arusini. Nikakohoa, makusudi, ili ajue nipo. Lo, nilifanya hivyo, mtu mzima mimi. Kikohozi kilitoka, na hapo hapo aibu ikanijaa, maana ilikuwa kama nimekisikia kijiko changu mwenyewe kikigonga sahani.

"Hodi," mara ya tatu, kwa chini kabisa.

Ndara zake zikasogea kwenye sakafu. Nikajua amegeuka. Ni mwanamke wa adabu, Bi Mize, yeye ndiye aliyemfundisha Raya, na Raya akaufundisha mlango. Nikataka kuita. Maneno yakaja yakafika kwenye meno, yakakaa pale pale yalipokaa siku ile.

Ndara zikasimama. Zikarudi.

"Hodi," akasema.

Raya aliinua uso. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mama yake akipiga hodi ya nne.

"Vuai, mwanangu, najua umo, nimekusikia ukikohoa. Usinifungulie, mimi nitasema hapa hapa nje. Sikulala. Nilikuwa nakula." Akasita, watu wawili wakapita ukumbini wakizungumza, akawangoja wasogee, kisha akaona hapana, akapaza sauti nao wakisikia. "Nilikuwa nakula, nikaliziba sikio la mlango kwa tambara ili watu wasinidoee. King'ora sikukisikia, hilo Mungu ni shahidi. Lakini hodi yako niliisikia. Zote tatu. Nikajua ni wewe. Nikasema ataondoka tu, mkwe wangu ana haya."

Pale Raya aliuachia mfuko. Bisibisi zikamwagika sakafuni zikazunguka, na nje Bi Mize akasikia.

"Nani yuko nawe?" akauliza.

Nilimtazama mke wangu. Hakunitazama mimi, alitazama tundu la ukutani palipokuwa na sikio lake.

"Ulijua," akaniambia polepole.

"Nilijua."

"Ukaniacha niendelee kukifungua kile kitu kitandani, usiku kucha."

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyepewa hesabu akaikuta sawa. Nje Bi Mize akasema, "Nnakwenda barazani kwa Nyange. Tambara ninalo, nimelichukua. Mlango wa mwanangu hauna kosa, makomeo wayaache huko huko. Nimeona nianze kwako, Vuai, ndipo niende."

Raya akasimama, akaenda hadi mlangoni, akashika komeo. Hakulivuta.

"Mjibu," akaniambia. "Amekuja kwako."

Neno lenyewe ni dogo, mlango wa kutengenezwa huliweza. Mimi lilinichukua muda.

"Karibu, mama," nikasema.

Raya akavuta komeo. Bi Mize alikuwa amesimama pale na buibui lake la kukutania na watu, mkononi ana tambara la kuepulia sufuria, jeusi kwa masizi, lina manjano ya bizari pembeni. Alipomwona bintiye alirudi nyuma hatua, akalificha tambara nyuma ya mgongo, kama vile bado ingefaa kitu.

"Shikamoo, mama," Raya akasema.

Alilisema kama alivyolisema kila siku ya maisha yake, wala hakulipunguza. Bi Mize akafumbua mdomo. Midomo ikacheza, ikajaribu, lakini marahaba haikutoka. Tukangoja, mlango uko wazi, na yeye amesimama kizingitini, hajaingia.